Minara Unaiona, Mlango Huuoni: Namna ya Kulifikia Kanisa la Minara Miwili, na Lile Lililomezwa na Ngome Kongwe

Maswali ni yaleyale kila msimu wa wageni. La kwanza: “Minara tumeiona tangu tukiwa botini. Tumeshuka, tumezunguka Mji Mkongwe saa nzima, kanisa lenyewe liko wapi?” La pili: “Tumeingia Ngome Kongwe kutafuta kanisa la Wareno, mbona ni uwanja mtupu na maduka ya vinyago?” Mwongozo huu ni wako wewe unayekwenda Zanzibar mara ya kwanza, na ni wako pia wewe uliyekulia Ng'ambo, mitaa ya mjini iliyo nje ya Mji Mkongwe, ukapita pale nje miaka yote bila kuliona lango. Kanisa la kwanza utalifikia kwa miguu bila kukodi mtu. La pili linataka macho yanayojua yanatafuta nini.

Tofautisha kwanza makanisa matatu, maana nusu ya wanaopotea huwa wanatafuta moja huku wameshikilia maelezo ya jingine.

Minara Miwili ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, la Kikatoliki, upande wa Shangani. Ujenzi wake ulianza mwaka 1893 chini ya wamisionari Wafaransa. Ukimuuliza mwenyeji “Saint Joseph's Cathedral” anaweza kukukodolea macho. Sema Minara Miwili, hata mtoto atakuonyesha.

La Mkunazini ni Kanisa Kuu la Kristo, la Anglikana, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873. Lina mnara mmoja. Hili halijajificha sana, liko karibu na barabara kubwa, ila wengi huliingia wakidhani wamefika Minara Miwili.

La tatu halina mnara, halina paa, wala halina kibao mlangoni. Ni kanisa la Wareno lililojengwa kati ya 1598 na 1612, ambalo Waomani walilikuta baada ya kuwang'oa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, wakaziingiza kuta zake katika ngome yao. Ngome hiyo ndiyo Ngome Kongwe ya leo.

Hakuna hata moja lililofichwa kwa makusudi. Amsterdam lipo kanisa la Kikatoliki lililotengenezwa darini mwa nyumba ya mfanyabiashara, likakamilika 1663, kwa nia hasa ya kutoonekana barabarani. Zanzibar mambo ni tofauti: moja limezibwa na nyumba zilizolisonga, jingine limemezwa na jengo lililokuja baadaye. Kwa hiyo namna ya kuyatafuta nayo ni mbili.

Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye ramani iliyopakuliwa mapema, isiyotegemea intaneti. Ramani huria ya OpenStreetMap imechora vichochoro vya Mji Mkongwe vizuri. Pakua eneo lote la mjini ukiwa bado Dar, au hotelini.
- Dira. Ya ndani ya simu inatosha, ila ipime kwanza (tazama hatua ya 2).
- Karatasi na kalamu. Betri ikiisha, karatasi haiishi.
- Mavazi ya kufunika mabega na magoti, kwa wanaume na wanawake. Mtandio au kanga moja kwenye mkoba humaliza tatizo. Hii si kwa ajili ya kanisani tu. Vichochoro unavyopita ni mitaa ya Waislamu, watu wanaishi humo.
- Viatu vyenye soli ya kushika. Njia za mawe zilizosuguliwa na miguu ya miaka mingi huteleza zikilowa.
- Noti ndogondogo, za elfu moja na elfu mbili, kwa ajili ya kahawa, sadaka, na kiingilio pale kinapohitajika. Muuza kahawa wa barazani hana chenji ya elfu kumi.
- Tochi ndogo, kwa kazi ya Ngome Kongwe. Ya simu inafaa.

Wakati mzuri ni asubuhi, baina ya saa mbili na saa nne na nusu. Jua bado halijawa kali, na mwanga wa ubavu unaonyesha mikunjo ya ukuta ambayo jua la utosini huifuta. Epuka Ijumaa mchana: watu wako njiani kwenda msikitini na wewe utakuwa unaziba njia. Ukiwa mwezi wa Ramadhani, usile wala kunywa maji ukitembea. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ikipiga sana baadhi ya njia hujaa maji. Subiri ikatike, maji yatapungua.

SEHEMU YA KWANZA: MINARA MIWILI

1. Ichukue picha ya mji ukiwa bado baharini.

Kama unaingia kwa boti, panda sitaha ya juu kabla haijatia nanga. Kutoka majini, ukingo wa mji unajipanga wenyewe: Ngome Kongwe yenye kuta za kahawia na minara mifupi minene, pembeni yake Beit el-Ajaib iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 (sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo usiitafute kama ilivyo kwenye kadi za zamani), na nyuma ya hayo minara miwili iliyochongoka ikichomoza juu ya mapaa. Piga picha. Picha hiyo ndiyo ramani yako ya kwanza: inakuambia kanisa liko nyuma ya ngome, upande wa ndani ya mji, wala haliko ufukweni.

Kama umekuja kwa ndege, picha hiyohiyo utaipata ukipanda mkahawa wowote wa darini. Agiza chai, kaa upande wa wazi, tazama.

2. Pima mwelekeo kutoka Forodhani.

Simama bustani ya Forodhani, kwenye ukuta wa bahari, mahali unapoiona minara. Fungua dira. Zungusha simu hewani kama unachora namba 8 mara kadhaa ili ijirekebishe, na usisimame karibu na gari, genereta au uzio wa chuma, kwa kuwa chuma huipotosha. Elekeza kwenye minara, andika digrii.

Kisha sogea. Tembea ufukweni mpaka mahali pengine unapoiona, upime tena. Chora mistari hiyo miwili kwenye ramani: inapokatana ndipo kanisa lilipo. Wengi huiruka kazi hii kwa sababu wana ramani ya simu. Sababu ya kutoiruka utaiona hatua ya 5.

3. Isome minara yenyewe.

Minara hii imesimama pande mbili za uso wa kanisa. Maana yake, ukiiona imetengana kwa upana wake wote, uko mbele ya kanisa au nyuma yake. Ikisogeleana hadi mmoja kuufunika mwenzake, uko ubavuni. Njiani, kila unapopata mwanya wa kuchungulia, usijiulize tu “iko wapi”, jiulize “imetengana au imefunikana?” Jibu linakwambia uko upande gani wa jengo kabla hujaliona.

4. Ingia mjini kwa njia ya pembeni, si kwa kukata katikati.

Hapa ndipo penye kosa kubwa. Mtu anaiona minara juu ya paa, anaingia kichochoro cha kwanza kinachoelekea huko, na baada ya kona mbili haioni tena. Hesabu ni rahisi: kichochoro kina mita mbili, kila upande nyumba ya ghorofa mbili au tatu, juu yako kumebaki utepe wa mbingu. Mnara hata uwe mrefu vipi hauingii ndani ya utepe huo. Na vichochoro vya Mji Mkongwe havikuchorwa na mpima ardhi. Nyumba zilijengwa, njia ikawa ni kile kilichobaki katikati.

Fanya hivi:

a) Ukiwa Forodhani umeipa bahari mgongo, ngome iko mbele yako. Shika mkono wa kulia, ufuate barabara inayopita chini ya jengo, kama pango. Ni jengo lililokuwa nyumba ya mayatima.

b) Ukitokea upande wa pili uko Shangani. Ifuate Barabara ya Kenyatta ukiiacha bahari nyuma.

c) Pinda kushoto uingie Mtaa wa Gizenga, ule wa maduka ya vitambaa na picha za tingatinga, unaopita nyuma ya ngome.

d) Kwenye Gizenga, shika njia ya kwanza ya kulia. Inakufikisha kwenye lango la nyuma la kanisa.

Kwa mwendo wa polepole ni safari ya dakika tano hadi kumi. Anayetumia saa nzima ni yule aliyekata katikati.

Lango la nyuma si lango la wezi, msione haya. Lango la mbele, upande wa Mtaa wa Cathedral, mara nyingi hukutwa limefungwa nje ya saa za ibada, na watu wengi hufika pale, wakaona kufuli, wakaondoka wakisema kanisa limefungwa. Zunguka kwanza nyuma.

5. Usiiamini simu kwenye mita 20 za mwisho.

Mawimbi ya setilaiti hugonga kuta ndefu na kurudi yakiwa yamechelewa, kwa hiyo kitone cha buluu huruka huku na huko. Uwanjani kosa la mita 15 si kitu. Kwenye vichochoro, mita 15 ni njia nyingine kabisa, yenye ukuta katikati usio na mlango wa kupitia. Simu itakuambia umefika nawe umetazamana na mlango wa nyumba ya watu. Hapo iweke mfukoni, tumia dira na ile alama ya minara kutengana au kufunikana.

6. Uliza, lakini ujue wa kumuuliza.

Waulize waliokaa: wazee wa barazani, muuza kahawa, mwenye duka la mtaani, mama aliyeketi mlangoni. Mtu aliyekaa anapajua mahali pake. Salamu kwanza, haja baadaye. “Shikamoo mzee. Naomba kuuliza, Minara Miwili ni kwa wapi?” Kwa rika lako, “Habari za asubuhi, kaka” inatosha, “Asalaam alaykum” nayo inajibiwa na kila mtu, hata ukisema unakwenda kanisani. Ukiruka salamu utajibiwa vilevile, ila kwa kidole tu, na kidole hakionyeshi kona.

Uliza kituo kimoja kimoja. Maelezo ya kona sita hayashikiki. Uliza Gizenga, ukifika Gizenga, uliza lango la nyuma la Minara Miwili.

Anayekuijia mwenyewe mbio akisema “kanisa limefungwa leo, twende nikuonyeshe jingine” ni papasi, yaani mwongozaji asiye rasmi. Huenda ni kijana mzuri na anaijua historia, lakini neno “limefungwa” ni biashara yake. Mshukuru kwa upole, endelea. Ukitaka mwongozaji, mchukue mwenye kitambulisho, mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza.

7. Ukishafika.

Tafuta mtu wa kumsalimu kabla ya kuingia: mlinzi, katekista, au yeyote anayefagia. Mwambie unakuja kusali au kutazama. Yote mawili yanakubalika, kudanganya hakuna haja. Wanaume vueni kofia. Misa ikiwa inaendelea, kaa benchi la nyuma mpaka iishe, au subiri nje. Usizungukezunguke na kamera wakati watu wanakomunika.

Ndani, tazama mambo matatu usije ukatoka na picha ya minara peke yake: vioo vya rangi na vigae vya sakafu vilivyoletwa kutoka Ufaransa, michoro ya ukutani yenye matukio ya Agano la Kale, na upana wa ukumbi. La tatu ndilo wengi hulipita, nalo ndilo litakalokusaidia sehemu ya pili. Nyumba za Mji Mkongwe huezekwa kwa boriti za mikoko, na boriti haitoi nafasi kubwa: vyumba vingi vina upana wa kama mita mbili na nusu hadi tatu, viwe vya tajiri au vya maskini, urefu tu ndio hubadilika. Ukikuta ndani ya mji huu nafasi pana kuliko hivyo, ujue mjenzi alikuwa na kazi nyingine na fundi wa aina nyingine. Mkunazini nako ni vilevile: paa la pale ni kuba refu mfano wa pipa lililokatwa nusu, la zege ya matumbawe, halina boriti hata moja.

SEHEMU YA PILI: KANISA LILILOMO NDANI YA NGOME

Sahau minara sasa. Unachotafuta ni vipande vya ukuta. Anayeingia Ngome Kongwe akitarajia altare na msalaba atatoka amekasirika, na kosa litakuwa lake.

Kisa kwa ufupi. Fort Jesus ya Mombasa ilipoanguka mikononi mwa Waomani mwaka 1698, Wareno walipoteza pwani hii. Zanzibar, Waomani walihitaji ngome haraka, na mahali pazuri mbele ya bandari palikuwa tayari na kuta za mawe: kanisa na nyumba ya mfanyabiashara Mreno. Hakuna fundi anayebomoa ukuta mzima ili aujenge upya palepale. Karne ya 19 ngome ikawa gereza, na ndiyo maana wazee wengine bado huiita hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikatumika katika kazi za reli ya kwenda Bububu. Leo ina jukwaa la maonyesho, maduka na mgahawa. Kila matumizi yaliacha lipu yake juu ya ukuta.

1. Ingia mapema, kabla ya maduka kutandaza. Vitambaa na vinyago vikishatundikwa, nusu ya kuta unazozitafuta zinakuwa nyuma ya bidhaa. Kama kuna tamasha usiku huo, Sauti za Busara kwa mfano, rudi siku nyingine; majukwaa na nyaya hufunika kila kitu.

2. Zunguka uwanja mzima ukiwa katikati, si ukutani. Ukuta wa zamani uliounganishwa na mpya huonekana kwa mbali kwanza. Uangalie kama unavyoiangalia shati iliyotiwa kiraka: rangi, mwelekeo, unene.

3. Tafuta mshono. Huu ndio ushahidi mkubwa. Mafundi wawili wa nyakati mbili hawapangi mawe kwa mistari inayokutana. Penye ukuta mmoja, mawe hupishana kama meno. Penye kuta mbili zilizogusana, kuna mstari uliosimama wima, mawe ya kushoto yakiishia pale na ya kulia yakianzia pale. Lipu ikiufunika, mstari huo mara nyingi hurudi kama ufa mwembamba ulionyooka, kwa kuwa kuta mbili hutua chini kwa kasi tofauti.

Usichanganye na ufa wa kawaida. Ufa wa jengo kuchoka huenda kwa kukatakata, hufuata pembe za madirisha, hupanuka juu au chini. Mshono hunyooka.

4. Tafuta milango na madirisha yaliyozibwa. Tao lililojazwa mawe, fremu ambayo haielekei popote, kizingiti kilicho chini kuliko sakafu ya sasa. Ngome haitaki milango mingi, kanisa linataka. Kila tundu lililozibwa kwenye ukuta wa ngome lina swali: lilikuwa la nani kabla?

5. Linganisha mawe. Jiwe la kawaida la ujenzi hapa ni la matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, gumu, lisilo na umbo, linalozamishwa ndani ya chokaa. Kwa pembe, fremu na mapambo fundi hutumia tumbawe la baharini, ambalo likiwa bichi hukatwa kwa urahisi, likikauka hushika umbo. Ukikuta pembe zilizochongwa kwa mraba katikati ya ukuta usio na pembe yoyote leo, umefika ukingoni mwa jengo lililokuwepo zamani.

6. Washa tochi ukiilaza ukutani. Usiielekeze mbele. Iweke karibu na ukuta, mwanga upite juu ya uso wake. Vivuli vitaonyesha mabonde ambayo macho hayaoni: tao lililopakwa lipu, nguzo bapa iliyokwanguliwa. Fanya hivyo kwenye kona zenye kivuli.

7. Angalia mwelekeo kwa dira, lakini usijenge nyumba juu yake. Makanisa ya zamani kwa desturi yaliweka altare mashariki. Msikiti Zanzibar unaelekea karibu kaskazini kabisa, kwa sababu Makka iko juu yetu moja kwa moja kwenye ramani. Kwa hiyo ukuta wenye umbo la kuingia ndani upande wa kaskazini, mahali popote Mji Mkongwe, fikiria mihrabu kwanza. Upande wa mashariki, una haki ya kufikiria kanisa. Kisha uliza, kwa kuwa mjini jengo mara nyingi hufuata kiwanja, desturi ikakaa pembeni.

8. Muulize mhifadhi aliyepo. Baada ya kutazama, si kabla. Ukimuuliza “kanisa liko wapi” atakuonyesha uwanja. Ukimuuliza “huu mshono hapa, upande gani ndio wa Wareno?” mazungumzo yanakuwa mengine. Wanaakiolojia wamekwisha kuchimba ndani ya uwanja huu na kuikuta misingi ya kanisa, na chini yake makazi ya Waswahili yaliyotangulia, kwa hiyo sehemu kubwa ya unachokitafuta iko chini ya miguu yako.

Makatazo: usikwangue lipu, usichokoe mshono kwa funguo, usichukue hata kokoto. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na chokaa ya zamani ikishaanza kumomonyoka mvua humalizia. Droni usirushe bila kibali.

Anayetaka kwenda mbali zaidi na karatasi, Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani. Nenda na swali moja lililoandikwa, kama vile “picha za Ngome Kongwe zilizopigwa kabla ya 1950”. Ombi la “historia ya makanisa” litakurudishia rundo usiloweza kulisoma siku moja.

UKIKWAMA

*Minara inaonekana, lakini kila njia inanipeleka mbali nayo.* Acha kuifuata. Mji Mkongwe una umbo la pembetatu: pande mbili bahari, upande wa tatu Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo watu bado huiita Creek Road. Chagua mwelekeo mmoja, uushike. Baada ya muda mfupi utatokea ukingoni. Rudi mpaka Forodhani, anza hatua ya 4.

*Nimefika kanisani lakini lina mnara mmoja, na kuna wageni wengi na sanamu za watu wenye minyororo shimoni.* Uko Mkunazini. Usiondoke bure: nyuma ya altare amezikwa Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, karibu na mlango kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini na mafundi, na upo msalaba mdogo uliotengenezwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Ukimaliza, elekea magharibi ukiulizia Sokomuhogo, halafu Minara Miwili.

*Lango la nyuma nalo limefungwa.* Hapo kweli limefungwa. Uliza duka la jirani misa inayofuata ni saa ngapi. Na uhakikishe mmezungumza saa za aina moja: “saa moja” ya mwenye duka ni saa 7 ya simu yako.

*Naitaka picha ya minara yote miwili, haienei.* Ukiwa mbele ya kanisa hutapata, nafasi ni finyu na utaishia kuupinda mnara. Picha nzuri inatoka darini au baharini. Jioni, kutoka ufukweni, jua likiwa nyuma yako magharibi, minara inapokea mwanga wote.

*Nimezunguka ngome mara mbili, sioni mshono wowote.* Ama jua liko utosini, ama umesimama karibu mno. Rudi asubuhi au baada ya saa kumi, simama hatua kumi na tano kutoka ukutani. Kama ukuta umepakwa chokaa mpya juu hadi chini, hautakupa kitu mwaka huo. Hamia ukuta mwingine.

*Mzee wa barazani ameniambia kanisa la Wareno lilikuwa mahali pengine.* Andika anachosema, pamoja na mtaa alioutaja, kisha nenda ukapaangalie kwa hatua zilezile za 3 hadi 7 za sehemu ya pili. Ukikuta ukuta ulio ndani ya nyumba ya mtu, piga hodi mara tatu. Usipoitikiwa, ondoka.